Stakabadhi

Afisa aliingia dukani kwangu saa nne asubuhi,
Moshi mjini, manyunyu yakianguka,
akafuta viatu kwenye gunia la mlangoni
kama mtu aliyelelewa.
Hakuulizia vinyago. Hakugusa batiki.
Alinyoosha kidole rafu ya juu, nyuma ya twiga wa mpingo:
"Lile, mama. Na lile dogo. Na yale makome matatu."

Nikacheka. Moshi hii?
Bahari iko wapi hapa, mwanangu?
Hapa tuna ndizi, tuna kahawa, tuna wageni
wanaoshuka mlimani wakichechemea, kucha nyeusi,
wakitafuta kitu cha kurudi nacho kwao.
Jiwe hilo nililinunua kwa mchuuzi, elfu kumi na mbili.
Lina matawi, jeupe,
wengine hudhani ni theluji iliyogoma kuyeyuka.

"Si jiwe," akasema. Kifuani kibandiko: Shekalaghe.
"Ni mji. Kila kitundu hapo palikuwa na mtu."
Akaona haya kusema mtu,
akasahihisha: "Mnyama. Mdogo kama punje ya ulezi."

Ulezi naujua. Nikanyamaza.

Akatandaza ramani kaunta nzima, juu ya shanga:
bluu tupu, na ndani ya bluu mstari mwekundu wa nukta nukta.
Humu hakuna juya, humu hakuna baruti wala mtarimbo,
hifadhi ya bahari, serikali imeweka maboya.
Nikamuuliza, mpaka juu ya maji unakaaje?
"Kwa doria," akasema. "Na kwa watu kukubali."
Kisha, chini chini: "Zaidi kwa watu kukubali."

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu, Ndeshukurwa,
mzigo wa majani kichwani, akitoka Nusu Maili,
ukanda wa msitu uliopimwa na watu
ambao hawakuwahi kukama ng'ombe.
Ng'ombe wetu alikuwa amezaa. Majani ya kihambani yamekwisha.
Walinzi walimsimamisha kwenye bikoni,
wakachukua mundu,
wakamwandikia karatasi kwa kalamu ya bluu.
Mundu ule ulikuwa wa bibi yake.
Usiku ule hakula. Alikaa akisugua kiganja
mahali mpini ulipozoea.

Nilimwambia afisa hayo, na sikumwambia kwa upole.
Nikasema: aliyelivunja hilo huko kwenu,
ana ng'ombe gani aliyezaa?

Alikunja ramani, ikakataa kukunjika, akaikunja tena.
"Mama yangu alikuwa mchoma chokaa," akasema.
"Tanuri nyuma ya nyumba. Matumbawe siku tatu motoni.
Mtaa wote ukawa mweupe.
Mimi nimesomeshwa na chokaa hiyo.
Sasa wimbi halina pa kuvunjikia huko nje,
linakuja zima.
Jiko la mama limekwenda. Choo kimekwenda."

Bodaboda likapita na mkungu wa ndizi.
Nikaburuta kiti, nikapanda, nikamshushia mwenyewe,
nikalifunga kwa gazeti kama yai.

Mlangoni akageuka.
"Huu mto Karanga, mama, unajua unakokwenda?"
Najua unaingia Weruweru, Weruweru Kikuletwa,
najua maji yanapumzika Nyumba ya Mungu.
"Yakishapumzika yanaendelea," akasema,
"mpaka Pangani."
Akavaa kofia.
"Na kila yanachobeba."

Mvua ilikuwa imekolea. Mtaroni
maji yalipita mekundu, mazito, ya mlima uliovuliwa nguo,
yakiwahi safari kama mtu mwenye deni.
Nikayatazama hadi yakageuka kona.
Sijawasamehe wale walinzi. Mundu ni mundu.

Rafuni pamebaki duara safi katikati ya vumbi.
Nimeweka pale stakabadhi, nimeikandamiza kwa twiga:
*Matumbawe, vipande 2. Makome, 3.
Mahali yalipotolewa: haijulikani.*

Jana mgeni mmoja, pua imebabuka,
aliigeuza geuza, akauliza bei.
Nikamwambia hiyo haiuzwi.
Akaniuliza ni nini.
Nilianza kumweleza, nikiwa nimeshika punje ya ulezi
katikati ya vidole viwili.